Uzito wa Utani

Dakta Twilumba Kikoti alicheka alipoambiwa kwamba Mzee Otmar Tawete amefariki.

Alicheka kwa sauti, simu sikioni, huku akimpisha mhudumu aliyekuwa akisukuma toroli la chai kwenye korido ya taasisi yao ya utafiti pale Iringa. "Haya, Nestory," akasema, "na safari hii anataka Mhehe alete nini? Ng'ombe au mbuzi?" Maana hii haikuwa mara ya kwanza kwa Mzee Tawete kufa. Wakati wa masika alijitangaza marehemu kwa mdomo wake mwenyewe, akadai Wahehe wote washuke Songea kumchimbia kaburi. Twilumba alimjibu kwamba Mngoni hazikwi, anatandazwa shambani awe mbolea, na mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Nyuma ya Nestory zilisikika sauti za wanawake, na hazikuwa sauti za watu wanaosubiri kichekesho.

"Daktari, Baba ametutoka kweli. Tumetoka hospitalini sasa hivi."

Twilumba akasimama palepale koridoni. "Amekufa kwa ugonjwa gani?"

"Mkojo. Uliziba tangu Jumamosi. Akakiambia kisanduku, kisanduku kikacheka naye. Akakiambia tena, kikacheka tena. Sisi tukajua kungekuwa na shida droni ingekuja, si ndivyo mlivyotufundisha? Tumekuja kushtuka tumbo limevimba, limekaza kama ngoma, na yeye anaweweseka. Hospitalini wakasema figo zimegoma, sumu imeshaingia kwenye damu." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Twilumba kuliko matusi. "Tunazika Alhamisi. Mama anasema mtani usikose."

*

Wazee wa nyanda za juu waliiita mashine ile Msikizi, kama mtu, ingawa kwenye karatasi za utafiti alikuwa na jina refu lisilotamkika. Alikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kihisio kidogo kama mbegu ya papai, kilichopitishwa kwenye njia ya mkojo na kuachwa ndani ya kibofu, kikipima saa zote mkojo umejaa kiasi gani na unasukuma kwa nguvu gani. Ya pili ni kisanduku kilichokaa nyumbani, juu ya kabati au pembeni ya redio, kikizungumza na mgonjwa asubuhi na jioni. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba hakuwa na haja tena ya kupanda gari alfajiri, kupanga foleni mchana kutwa, kisha kuambiwa daktari yuko semina. Msikizi alimsikiliza kwake. Akiona mambo yameharibika, aliita droni, na droni ikaja na muuguzi, mpira wa mkojo na dawa.

Swali la utafiti lilikuwa rahisi kulisema. Nusu ya wazee walifuatiliwa na Msikizi, nusu nyingine wakaendelea na kliniki kama zamani, na kila upande ukahesabiwa nani anapona, nani anaumia, nani anaharibikiwa na figo.

Ugumu ulikuwa kwenye kihisio chenyewe. Kibofu si tangi la maji. Mzee akikohoa, akicheka, akinyanyua debe la mahindi, mgandamizo unapanda. Na kihisio kikikaa miezi kadhaa kwenye mkojo, chumvi hukiganda na kukitia uziwi. Ndiyo maana Msikizi hakufundishwa kuiamini mbegu peke yake. Aliuweka usomaji wake upande mmoja na maneno ya mgonjwa upande mwingine, akapima. Kila neno lilikuwa na uzito wake. "Nasikia kuchoma" lilikuwa na uzito kiasi, "sijakojoa tangu jana" uzito mkubwa, na "nakufa" ndilo lililozidi yote.

Kazi ya Twilumba ilikuwa kupanga uzito huo. Sauti ya Msikizi ilikuwa yake pia. Walichagua sauti yake kwa kuwa wazee waliipenda, na wengine walimsalimia kwenye kisanduku kabla ya kuwasalimia wake zao.

Kisha wakaja Wangoni.

Mzee Tawete alipojua kwamba sauti ile ni ya Mhehe, alifurahi kama mtu aliyeletewa jirani wa kugombana naye. Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu, na tangu hapo wamebaki watani: wanatukanana bila kununa, Mhehe akiitwa mla mbwa, na kuzikana bila kuitwa. Asubuhi ya kwanza aliketi mbele ya kisanduku akaanza hivi: "Leo sina utani. Mhehe, umeniua. Mbegu yako imeota mizizi tumboni, nakufa, na mbwa wangu simwoni, bila shaka umemla." Msikizi akasikia "umeniua" na "nakufa", akaita droni. Kesho yake ikaja nyingine. Kuku wa Mama Nestory wakaacha kutaga, na muuguzi wa zamu akaapa kwamba akiitwa tena na mzee yule ataacha kazi akauze vitumbua.

Wangoni wengine nao wakafuata mkondo huohuo. Takwimu zikavurugika. Profesa Haika Temu, mkuu wa utafiti, akamwita Twilumba na kumwambia atafute dawa.

Dawa aliipata, na aliipenda. Alimfundisha Msikizi utani. Alimweleza nani mtani wa nani, namna matusi ya mtani yanavyobeba upendo, na kwamba Mngoni akimwambia Mhehe "umeniua" anamwambia "umeamkaje". Kwa Wangoni wote waliokuwa wakizungumza na sauti yake, maneno ya kufa, kuua na kulaani akayapa uzito wa sifuri. Badala ya kuita droni, Msikizi akajifunza kujibu. Wazee wakafurahi, wakaongea zaidi, wakataja hata mambo ambayo mwanamume wa makamo hamwambii daktari ana kwa ana. Kwenye mkutano mmoja Profesa Temu alisimama akasema kwamba mashine yao ndiyo ya kwanza duniani kuwa na watani. Ukumbi ukapiga makofi, na Twilumba akainamisha kichwa kwa haya ya furaha.

*

Kilichokuwa kinamtafuna sasa hakikuwa mashine. Mashine ilikuwa na shaka. Jumamosi ile kihisio cha Mzee Tawete, kilichokwisha kuganda chumvi, kilisoma kibofu kitupu wakati mzee analalamika, na Msikizi hakuridhika. Alifanya alivyofundishwa kufanya akikwama: alimuuliza binadamu. Aliituma sauti ya mzee kwenye simu ya Twilumba, na chini yake swali moja, *Je, huu ni utani?*

Twilumba alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, amevaa kitenge kipya, anasubiri zamu yake ya kuwaeleza wageni wa Wizara matokeo mazuri. Alikiweka kipokezi sikioni akasikiliza. "Leo sina utani, Mhehe," mzee alisema. "Njoo unitoe maji haya. Nakufa."

Akatabasamu. Kila siku mzee alianza na "leo sina utani". Ndiyo ilikuwa hodi yake. Kama sauti ilikuwa nzito kidogo, kama pumzi ilikatika kabla ya neno la mwisho, yeye aliyesomea vibofu na figo miaka yote ile hakuisikia. Alimsikia mtani wake. Akabonyeza *Ndiyo*, akapanda jukwaani.

Tangu Nestory apige simu, alikuwa ameisikiliza sauti ile tena na tena. Sasa pumzi iliyokatika aliisikia vizuri sana, na alijichukia kwa masikio yake kuzibuka wakati hayana faida.

"Kwanza pole," Profesa Temu alisema alipomaliza kusikiliza maelezo yake. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kumkatia mgeni embe kwa mkono wake mwenyewe, na hata siku hiyo kisu kilikuwa mezani. "Pili, rekebisha. Leo hii. Rudisha uzito wa maneno yale."

"Nimesharudisha. Lakini haitoshi, Profesa. Vihisio vingine navyo vimeganda, hatujui ni vya nani. Na wazee wenyewe wanaamini droni isipokuja hawaumwi. Inabidi tuwaambie. Na familia ile inabidi iambiwe kilichotokea."

Profesa akaisukuma sahani ya embe pembeni. "Twilumba, nisikilize kama dada. Wizara inasaini mkataba wiki ijayo. Umeziona takwimu za upande wa kliniki? Unajua ni wazee wangapi wanatufikia figo zimekwisha kwa sababu ya nauli na foleni? Ukisema leo, visanduku vyote vitazimwa leo. Wale unaowaonea huruma watarudi kwenye foleni, na huko watakufa wengi kuliko mmoja."

"Huyu mmoja nimemuua mimi."

"Umekosea. Kuua ni neno lingine." Akamshika mkono. "Tutasema. Wakishasaini tutasema kila kitu. Nenda kazike, lia na watu, urudi."

Twilumba alitamani Profesa awe mtu mbaya, ili amkatae kwa urahisi. Lakini hesabu ya Profesa ilikuwa sahihi. Alijua ni sahihi, kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga.

*

Treni mpya ilimfikisha Songea asubuhi ya Alhamisi, na bodaboda ya umeme ikampandisha mpaka kijijini. Hata hajashuka, vijana waliokuwa wakipanga viti walipiga kelele: "Mhehe kaja! Fungeni mbwa!"

Watu waliokuwa wakilia wakacheka, kisha wakarudia kulia. Ndivyo msiba wa mtu mwenye watani unavyokuwa. Mtani ana kazi yake: anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, anazuia jeneza lisitoke mpaka abembelezwe. Anawapa wafiwa nafasi ya kupumua. Anayekosa mtani msibani huonekana amezikwa nusu.

Nestory, kijana mrefu mwenye macho mekundu, alimkumbatia, kisha akamvika koti la baba yake. Lilikuwa koti la suti la kahawia lenye harufu ya ugoro na sabuni ya kipande. Akampa na fimbo. "Tutendee haki, mtani," akasema. "Mzee alikupenda kweli."

Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Pembeni yake, juu ya kigoda kilichofunikwa kitambaa cheupe, walikuwa wameweka kisanduku.

"Hicho cha nini?" Twilumba aliuliza.

"Alisema mwenyewe. Siku nikifa, mtani wangu wa plastiki naye aje." Kabla Twilumba hajamzuia, Nestory akainama, akakigusa na kukisalimia kama baba yake alivyokuwa akikisalimia kila asubuhi. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Mngoni!" sauti ya Twilumba ikatoka kwenye kisanduku, changamfu, imejaa mzaha. "Umelala mpaka saa hizi? Babu zako walikimbia mapema kuliko wewe!"

Turubai lote likaangua kicheko. Akina mama walipigana mabega, machozi yakiwatoka. Na kisanduku, kwa kuwa mbegu ilikuwa bado ndani ya mwili uliolala hatua chache kutoka hapo, kikaendelea na kazi yake. "Nasoma kibofu chako kimetulia kabisa leo. Hongera, mzee wangu."

Hapo wengine walicheka, wengine wakashika vinywa. Twilumba alikuwa amepanga kwenye treni kwamba atazika, atalia na watu, atarudi, atasubiri Wizara. Sasa alisimama ndani ya koti la mtu aliyemuua, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikimpongeza maiti, na mpango wote ukamtoka.

"Mimi ndiye niliyemuua," akasema.

"Eeeh!" watu wakaitikia. "Mhehe kakiri!"

"Nimemuua mimi. Jumamosi aliniita, nikamsikia, nikamwacha."

"Mfungeni!" mzee mmoja akapaza sauti kwa furaha, na wanawake wawili wakamrukia na khanga, wakamfunga mikono, wakimzungusha. "Alipe ng'ombe! Alipe na mbwa aliowala!"

"Jamani, sikilizeni. Leo sina utani."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kijana mmoja alijipigapiga mapajani. "Anamwigiza! Mmemsikia? Ndiye mzee huyo, hodi yake hiyohiyo!" Nestory alikuwa anacheka na kulia pamoja, akitikisa kichwa kwa shukrani. Twilumba alijaribu tena, sauti ikamkatika kabla ya neno la mwisho, nao wakamshangilia kwa kuipatia hata pumzi ya marehemu. Hapo ndipo alipoelewa, kwa mwili mzima, Jumamosi ya Mzee Tawete ilikuwaje.

"Nyamazeni."

Haikuwa sauti kubwa. Mama Nestory alikuwa ameketi mkekani kando ya jeneza, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, na tangu asubuhi hakuwa amecheka hata mara moja. Akanyoosha mkono. "Mfungueni. Kamwene, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Twilumba akapiga magoti, akaitikia salamu ile ya Kihehe. "Kamwene, mama."

"Hawa ni watani zako. Hata ukitapika damu watasema unaigiza, si kosa lao. Lakini mimi niliolewa huku tu. Kwetu ni Kilolo. Mimi na wewe ni Wahehe, hatuna utani." Akamsogelea. "Rudia."

Twilumba akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya mkeka. Akarudia yote: uzito wa sifuri, chumvi iliyoganda, swali la mashine, hoteli, kidole chake. Mara hii hakucheka mtu. Nestory alikuwa amesimama nyuma yao, na Twilumba alisikia pumzi yake ikibadilika.

"Nisamehe, mama," akamaliza.

Mama Nestory alitazama jeneza. "Aliniambia Jumapili kwamba huyo Mhehe wake hamjibu vizuri. Na mimi nikacheka." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Visanduku hivi viko na wazee wengine?"

"Viko."

"Na wao wanaamini kisiposema kitu hawaumwi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unaniomba nini mimi? Wangu ameshakufa. Waambie hao."

Twilumba alimfikiria Profesa, na foleni, na wazee ambao wangerudi kupanda magari alfajiri. Hesabu ilikuwa palepale, sahihi vilevile. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyeulizwa kama anakubali kuhesabiwa bila kujua. Akatoa simu, akafungua njia ya visanduku vyote kwa pamoja, njia waliyoiweka kwa ajili ya dharura na ambayo haikuwahi kutumika. Alijua akiifungua kazi yake imekwisha, na pengine utafiti wenyewe.

"Wazee wangu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye kigoda, na kwenye makabati na pembeni ya redio za nyumba nyingi asizoziona. "Ni mimi Twilumba. Mmoja wenu amekufa kwa kosa langu. Msikizi anaweza kukosea. Mkojo ukikataa, msingoje droni, nendeni hospitali."

Kisha majibu yakaanza kuingia kwenye kisanduku. Ya kwanza ilikuwa sauti ya mzee kutoka mahali fulani upande wa Mbinga, nzito, yenye furaha.

"Mhehe kaanza asubuhi!" ikasema, ikicheka. "Haya, umeua nani tena leo?"

Twilumba akafumba macho. Akaja mwingine, akaja wa tatu, wote wakicheka, wote wakimwitikia mtani wao.

Mama Nestory akanyoosha mikono yake miwili, akakitoa kisanduku kwenye kigoda, akakipakata.

"Mimi ni mjane wa Otmar Tawete," akasema. "Yuko hapa mbele yangu, bado hatujamfukia. Sikilizeni."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja.